Mwanangu, kwa nini nkambo anaamka saa tisa

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini nkambo wako, mzee wetu, siku hizi analala saa mbili za usiku na saa tisa za usiku ameshaamka, na kama tumnunulie vidonge vya usingizi. Vidonge hapana. Vingi humwachia mzee kizunguzungu, na choo chetu, unajua, kiko uani. Akianguka kule gizani tutafanya nini?

Usingizi wake unaongozwa na saa ya mwili. Saa hiyo iko ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Ni seli kama 20,000 tu, nazo ndizo zinazopanga usingizi, joto la mwili, hata mkojo. Watu hudhani kwa wazee saa hiyo inakimbia. Sivyo. Mwaka 1999 mtafiti wa usingizi Charles Czeisler na wenzake huko Marekani waliwapima vijana na wazee, wakakuta mzunguko ni uleule, saa 24 na dakika kama 11. Kinachopungua ni nguvu yake. Joto la mwili halishuki sana usiku, usingizi mzito unafupika, figo nazo hazipumziki kama zamani. Ndiyo maana anaamkaamka. Tena ratiba yote inawahi: usingizi unakuja mapema, unakwisha mapema.

Kwa nkambo mimi nashuku macho. Saa hiyo hurekebishwa kila siku na mwanga, hasa wa buluu, na lenzi ya jicho la mzee hugeuka manjano ikauzuia. Sasa ongeza baridi hii ya Juni ya Lubumbashi: alikuwa anashinda ndani, amejifunga kitenge, pazia limeshushwa.

Siku hizi namtoa uani. Asubuhi anachambua majani ya sombe, yaani kisamvu, juani, kisha saa kumi namrudisha nje mpaka jua lizame. Mwanga huo wa jioni ndio ninaoutegemea zaidi, kwa sababu mwanga wa saa hizo huchelewesha usingizi kidogo. Baada ya bukari (ugali) ya mchana simwachi alale zaidi ya nusu saa.

Daktari ameona mtoto wa jicho upande wa kulia. Wakimpasua, lenzi mpya itapitisha mwanga vizuri. Kaka yako ameshatoa sehemu yake, yako itume kabla mwezi haujaisha. Na ukitaka kuongea na nkambo, usingoje saa mbili za usiku za Kinshasa. Huku ni saa tatu, amelala zamani.

Mama yako