Kapteni akitaka kuondoka: ya kufanya kabla kijiwe hakijajua

Mchezaji aliyekaa na timu miaka kumi akiondoka, watu wote wanahangaika na yeye tu, anaenda wapi, kachukua shilingi ngapi, ataongea nini redioni. Mi nakwambia angalia wale waliobaki kwenye benchi wanafunga njumu. Hao ndo wanapiga hesabu kimyakimya. Wanajiuliza, kaka yetu katoa jasho lote lile na leo anatolewa hivi, mimi wa juzi itakuwaje? Timu nyingi zinaharibikia hapo. Pengo la namba nane, yule kiungo, utaziba, kuna dogo siku zote yupo anasubiri, ila dogo huyohuyo akishaona roho zenu zilivyo na yeye anaanza kutafuta mlango.

Mi ni katibu wa timu ya mtaani huku Temeke, miaka mingi sasa, timu ya ndondo, mishahara hakuna, kuna nauli, posho kidogo tukishinda, na chipsi mayai za baada ya mechi ambazo mara nyingine nalipa mwenyewe. Usicheke. Presha ya kumpoteza kapteni ni ileile hata kama jezi mmeazima, tena huku kwetu ni mbaya zaidi maana huyo unayemuaga kesho asubuhi unakutana naye kwa mangi ananunua mkate.

Basi la kwanza ni kuongea mapema. Kwa timu zenye mikataba hili halina ujanja, kanuni za FIFA zinasema mchezaji akibakiza miezi 6 au pungufu anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine, hiyo klabu inatakiwa tu ikutaarifu. Sasa viongozi wengi wanakumbuka mkataba wa mtu siku wanapotumiwa picha yake yuko hoteli fulani na tajiri wa upande wa pili, hapo ndo wanaanza kupiga simu saa sita usiku, simu imezimwa. Ukiwa na nyota aliyekaa muda mrefu, mwaka mmoja kabla muulize kabisa, unabaki au unaondoka, na jibu lolote atakalotoa usimnunie.

Sisi hatuna mikataba ila tuna macho. Kapteni wetu, kiungo, tumemlea toka anacheza pekupeku, alianza kuchelewa mazoezini, akija anakaa pembeni na simu. Tukasikia timu moja ya Kigamboni tajiri wao kamwahidi pikipiki, mpya, ya kwake moja kwa moja, hakuna marejesho ya jioni. Wenzangu wakataka tumsimamishe. Mi nikasema hapana, tukae naye. Tukakaa watatu, mi, kocha na mzee mmoja wa timu, uani kwa huyo mzee, kapteni akaja na kofia kaishika mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, kaa. Tumesikia habari ya pikipiki. Ni kweli?"

"Kweli mzee. Nawaheshimu sana, ila nina watoto wawili."

"Pikipiki tungekuwa nayo tungekupa. Hatuna. Sasa tuambie, unataka tukuage au unataka uondoke kama unadaiwa kodi?"

Jamaa akacheka, na kile kicheko kilimaliza nusu ya ugomvi. Alichoomba ndo kilinishangaza. Hakutaka hela wala sherehe. Alisema, katibu, mnichezeshe mechi ya mwisho, ila tukifungwa msiseme nimeuza. Na wewe unayejua mpira wa Dar unajua anaongelea nini. Mtu akishajulikana anaondoka, pasi moja tu ikipotea jukwaa zima linasema kahongwa, kashachukua mzigo. Ndo maana viongozi wengi wanamuweka nje kabisa "kwa usalama", na ukimuweka nje bila kueleza ndo umethibitisha umbea wenyewe.

Ushauri wangu hapo, amueni mapema na mseme wazi. Kama mnamwamini acheze, kocha awaambie wachezaji wote chumbani, mbele yake, kwamba anacheza kwa sababu ni bora na tunamwamini. Kama hamumwamini basi mwambieni yeye kwanza, asijue kwa kuona jina lake halipo kwenye kikosi. Sisi alicheza, tulitoka sare, na hakuna aliyesema kauza, sijui ingekuwaje tungefungwa tatu.

Halafu mpangilio wa habari. Wachezaji wenzake wajue kwanza, mashabiki baadaye, na yeye mwenyewe ndo aseme. Kwenye grupu letu la WhatsApp tulifunga kwanza wasiandike isipokuwa ma-admini, kapteni akatuma voisi yake, dakika mbili hivi, kashukuru, kaomba radhi, kasema anaenda wapi na kwa nini. Asubuhi tukafungua. Matusi yalikuwepo ila machache, maana utamtukana vipi mtu umeshasikia sauti yake inakwama.

Timu kubwa zinashindwa kitu chepesi hivi. Julai 2015 Iker Casillas, kipa aliyeingia Real Madrid ana miaka 9, mechi 725 kwenye timu ya wakubwa, alikaa peke yake mbele ya waandishi anasoma karatasi huku analia, hakuna hata kiongozi mmoja pembeni yake. Kesho yake klabu ikaandaa shughuli nyingine na rais Florentino Pérez akiwepo, lakini wapi, picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya jana yake. Fanya vizuri mara ya kwanza bana, ya pili inaonekana mmelazimishwa na kelele. Manchester City kwa mshambuliaji wao Sergio Agüero walitangaza Machi 2021 ligi ikiwa bado inaendelea, watu wakapata muda wa kuzoea, mechi ya mwisho ya ligi mwezi wa tano dhidi ya Everton akaingia kutokea benchi akafunga mbili, City wakashinda 5-0. Kufunga mbili huwezi kupanga, ila ile nafasi ya kuzifunga mbele ya watu wake walimpa wao.

Na tusidanganyane, kuna kitu kinatangulia maua na keki. Madeni. Nimeona timu imemfanyia mtu shughuli ya nguvu, matarumbeta, ngao ya kioo, MC anapiga kelele, na huyo jamaa anadai posho za msimu mzima. Wenzake wote wanajua anadai. Sasa ile ngao wanaionaje? Lipa kwanza. Kama huna, andika karatasi, utalipa lini na kiasi gani, sainini wote wawili, mpe kopi. Kwa klabu za ligi hii haina mjadala kabisa, mchezaji wa kigeni akienda FIFA na karatasi zake, akashinda na klabu isilipe, inafungiwa kusajili, na klabu zetu hapa nchini zimeshaonja hiyo, dirisha la usajili limefunguliwa, wenzao wanatambulisha watu, wao wanahangaika na barua.

Sasa lile linaloumiza zaidi, nyota kwenda kwa mtani, yaani mpinzani wenu wa jadi. Hapa Dar hatuhitaji mfano wa Ulaya. Julai 2024 Clatous Chama katoka Simba ya Msimbazi kaibukia Yanga ya Jangwani, mji ulisimama. Mwaka 2025 ikawa Mohamed Hussein "Tshabalala", huyu alikuwa Simba toka 2014, nahodha, kaongoza timu mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mkataba ukaisha, na Agosti akatambulishwa Yanga. Kuna rafiki yangu wa tawi moja la Simba hakula siku ile, mkewe alinipigia simu kabisa.

Kwa mambo kama hayo msemaji wa klabu ndo anajenga au anabomoa. Kishawishi ni kusema alikuwa ameshaisha, miguu imechoka, tulimtema wenyewe, mashabiki wanapenda kusikia hivyo na wewe unapata makofi ya siku tatu. Lakini fikiria, kama alikuwa ameisha, nani alimpanga jumapili iliyopita? Unajitukana mwenyewe. Na mpira unazunguka. Haruna Niyonzima alitoka Yanga kwenda Simba 2017, kelele zilizopigwa wote tunazikumbuka, baadaye akarudi Jangwani kulekule, na 2021 Yanga wakamuaga kwa heshima. Yale maneno watu waliyoyasema 2017 waliyameza vipi mi sijui. Sema kifupi tu: ametutumikia, mkataba umeisha, tunamtakia kila la heri. Ukiona maneno yanazidi hapo ujue ni hasira inaongea, nenda kanywe maji.

Kuna kesi nyingine tofauti, ya mtu mwenye mkataba anayetaka kutoka kwa nguvu. Feisal Salum, kiungo wa Yanga, mwishoni mwa 2022 aliandika barua akaweka pesa kwenye akaunti ya Yanga kwamba navunja mkataba, TFF, shirikisho la soka la nchi, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, miezi ikapita kijana hachezi, mpaka Juni 2023 Rais Samia akaigusia pale Ikulu kwamba wakalimalize, kijana akaenda klabu ya Azam. Kisheria Yanga walikuwa na haki na mi niliwatetea sana kijiweni. Ila nikiangalia kwa jicho la katibu najiuliza, ile miezi yote ya barua na vikao klabu ilipata nini uwanjani? Mtu akishaonyesha roho yake imetoka, kazi iliyobaki ni bei. Kaa mezani, taja bei, simamia bei yako. Kumkomoa ni starehe ya gharama sana.

Jezi yake je? Namba ikiwa nzito usimpe dogo haraka. Barcelona Messi alipoondoka Agosti 2021, tena baada ya klabu kusema kanuni za pesa za ligi zinawazuia kumsajili upya, ile namba 10 wakampa Ansu Fati ana miaka 18 na ametoka kuumia muda mrefu. Majeraha yakaendelea kumsumbua na kila akikosa mpira watu wanaangalia mgongo wake. Sisi namba ya kapteni tuliiacha msimu mmoja kwenye begi, wakaanza kuigombania wenyewe, na nikaona yule anayeitaka kuliko wote ndo anayekuja mazoezini wa kwanza.

Na ule mtindo wa kumpa nyota cheo akistaafu, sawa, ila apewe kazi ya kweli. Francesco Totti, nahodha wa Roma ya Italia, aliiaga timu uwanjani Mei 2017 akasoma barua uwanja mzima unalia, wakampa ukurugenzi, Juni 2019 akajiuzulu akilalamika kwamba hashirikishwi kwenye maamuzi. Afadhali usimpe kitu kuliko kumpa kiti cha kupigia picha. Huku mtaani kapteni mstaafu mpe timu ya watoto chini ya miaka 15, filimbi na mipira miwili, aamue yeye nani anacheza, usimwingilie.

La mwisho ni karatasi, na hili naliweka chini lakini kwa timu ndogo huenda ndo lina hela kuliko yote. Mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kuanzia ule mwaka anatimiza 16 ni nusu asilimia kwa kila mwaka, yaani akiuzwa dola milioni 1, mwaka mmoja tu aliokaa kwako ni dola 5,000, na anapouzwa tena unapata tena. Mbwana Samatta katoka timu ya hapahapa, Mbagala Market, akaenda Simba, TP Mazembe ya Congo, Genk ya Ubelgiji, mpaka Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Piga hesabu ya njia hiyo yote halafu niambie timu yako ina daftari.

Ila lazima timu iwe imesajiliwa, ianzie chama cha soka cha wilaya mpaka TFF itambue, na huyo mchezaji awe ameandikishwa kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi ya kuzaliwa, sio ile ya mashindano ya chini ya miaka 17. Nyota anapoondoka kwa amani anakusainia kila kitu na kukukumbusha alianza lini, akiondoka kwa ugomvi hapokei hata simu yako. Kama huna karatasi za waliopita achana nazo, anza na dogo aliyekuja wiki hii: kopi ya cheti cha kuzaliwa, picha pasipoti mbili, namba ya simu ya mzazi, tarehe aliyoanza na aliyempokea asaini. Counter book ya kwaya nne inatosha, na isikae kwa katibu peke yake, maana makatibu nao wanahamaga.