Adhabu ya kifo: kwa nini jaji hana la kuchagua

SWALI: Ndugu Wakili, mimi ni mkazi wa Tandika. Binamu yangu amehukumiwa na Mahakama Kuu kunyongwa hadi kufa kwa kosa la mauaji. Nasikia hapa Tanzania hakuna aliyenyongwa tangu mwaka 1994. Kwa nini basi majaji wanaendelea kutoa hukumu hiyo badala ya kifungo cha maisha? Na je, haipingani na Katiba?

JIBU: Poleni sana wewe na familia. Nianze na jaji, kwa sababu lawama nyingi humwangukia yeye isivyo haki. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinampa adhabu moja tu kwa mtu aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, nayo ni kifo. Hawezi kuipunguza hata akiridhika kwamba mtu huyo hajawahi kukosa maishani mwake. Wasioguswa ni mwanamke mjamzito, ambaye hufungwa maisha, na aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Ukihudhuria siku ya hukumu pale Mahakama Kuu, Kivukoni, utamwona wakili wa utetezi akisimama baada ya mteja wake kutiwa hatiani, akasema sentensi mbili au tatu, kisha akaketi. Wakili huyohuyo, katika kesi ya kuua bila kukusudia, angezungumza kwa kirefu juu ya umri wa mshtakiwa, watoto wanaomtegemea na muda aliokaa mahabusu, kwa kuwa huko jaji anaweza kutoa adhabu yoyote hadi kifungo cha maisha.

Matokeo yake ni kwamba uhai wa mshtakiwa hutegemea jambo moja, yaani kama Jamhuri, ambayo ndiyo upande wa mashtaka, imethibitisha nia ovu (kwamba aliua kwa kukusudia) au haikuthibitisha. Aliyepanga kuua kwa miezi na aliyekusudia katika dakika chache za ugomvi, mradi utetezi wake wa kughadhibishwa umekataliwa, hupata adhabu ileile. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kasoro kubwa kuliko zote, na inasikitisha kwamba mjadala wetu wa hadhara hubishania kifo chenyewe na kulisahau neno «lazima».

Kuhusu Katiba, swali lako liliwahi kujibiwa mara mbili, kwa majibu yanayopingana. Mwaka 1994, katika shauri la Mbushuu, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo ni batili. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, ingawa ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamtweza mtu, jambo ambalo Ibara ya 13(6)(e) inalikataza. Kilichoiokoa ni Ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kuwekea haki mipaka kwa ajili ya maslahi ya umma. Ibara ya 14 yenyewe inalinda haki ya kuishi «kwa mujibu wa sheria», na maneno hayo manne yamebeba mzigo mzito.

Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, kwamba kumfunga jaji mikono kwa adhabu ya lazima kunakiuka haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunakiuka utu. Uganda mwaka 2009 na Kenya mwaka 2017 zilikwishaondoa ulazima huo kupitia mahakama zao za juu, bila kuifuta adhabu yenyewe.

Upande wa maadili, wengi hapa Dar es Salaam huitetea sheria hii kwa hoja ya dini, nami huwauliza kama wameisoma vizuri. Katika Uislamu, kisasi kina mlango wa msamaha na diya, yaani fidia ya damu, na ufunguo wake wanao ndugu wa marehemu (Kurani 2:178). Sheria yetu haiwapi ndugu hao sauti yoyote katika adhabu. Kesi ni ya Jamhuri, na hata wakisamehe, jaji hana la kufanya. Kanisa Katoliki nalo mwaka 2018 lilirekebisha Katekisimu yake, yaani kitabu cha mafundisho yake, na kusema adhabu hii haikubaliki.

Sasa tuje kwa binamu yako. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa inatakiwa itolewe ndani ya siku 30 tangu hukumu, na mfungwa anaweza kuitoa kupitia ofisi ya gereza, kwa hiyo ulizeni mapema kama imetolewa. Mahakama ya Rufani inaweza kumwachia, au kubadili kosa liwe kuua bila kukusudia na hivyo kuiondoa adhabu ya kifo. Rufaa ikishindikana, kumbukumbu za kesi pamoja na taarifa ya jaji humfikia Rais, ambaye chini ya Ibara ya 45 anaweza kusamehe au kubadilisha adhabu. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Huo, hata hivyo, ni msamaha ambao hakuna mahakama inayoweza kuuamuru, kwa hiyo nguvu zenu zielekezeni kwanza kwenye rufaa, na hasa kwenye ushahidi wa nia.