Wakala anasema hati yangu ya ukimbizi haitambuliki Ulaya

SWALI: Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, naishi Nairobi. Dada yangu anaolewa Ujerumani, na nimeshapata hati ya kusafiria ya mkimbizi. Wakala ananiambia kitabu hicho hakitambuliki Ulaya, nimlipe anitolee pasipoti ya Kongo. Nimsikilize?

JIBU: Usimpe hata senti, ndugu yangu. Swali hili naletewa kila mara, na nyuma yake hakosi wakala anayechanganya kwa makusudi kutambuliwa kwa hati na ruhusa ya kuingia nchini. Hati yako inatokana na kifungu cha 28 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na nchi wanachama, Ujerumani ikiwemo, zinawajibika kuitambua. Viza ni jambo jingine. Utaiomba ubalozini kama Mkenya yeyote, na unaweza kunyimwa kama yeye. Kunyimwa viza hakuifanyi hati kuwa batili.

Tazama ukurasa wenye picha yako. Katika mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, mahali pa uraia pana herufi XXB, alama ya kimataifa ya mkimbizi wa Mkataba huo. Nimeshuhudia abiria akizuiwa uwanja wa ndege kwa sababu karani aliandika "Kongo" kwenye kompyuta, akaletewa masharti ya pasipoti ya Kongo. Mwonyeshe XXB, aingize upya.

Sasa hiyo pasipoti ya wakala. Ikiwa ya kughushi, umeingia jinai. Ikiwa halali, hatari yake ni kubwa zaidi: kwa kifungu cha 1C, anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi. Nimekaa na watu wazima wakilia ofisini kwangu, wakijaribu kueleza pasipoti waliyoichukua "kwa safari moja tu".

Wengine wanauziwa ahadi za Ghuba. Saudia, Oman, Qatar na Falme za Kiarabu si wanachama wa Mkataba, wala India. Huko uliza ubalozi kwanza, tena kwa maandishi, kabla ya kugusa tiketi. Wakala hana uwezo wa kuibadilishia nchi sheria zake, hata akikuonyesha mihuri mia.

Na angalia tarehe ya kuisha kwa hati. Kenya inawajibika kukupokea ukirudi maadamu hati ni hai, na ubalozi unataka uhakika huo. Ikiwa imebakiza miezi michache, ihuishe kwanza, ndipo uombe viza.