Si kila kinyama ni bawasiri: kwa mnaoanza kliniki ya upasuaji

Ndugu zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo, hamtamaliza wiki ya kwanza kliniki ya upasuaji bila kukutana na faili lililoandikwa "bawasiri" ukurasa baada ya ukurasa, na kila ukurasa una dawa yake: ya kupaka, ya kuingiza, ya kulainisha choo, kisha ile ya kupaka tena. Mwenye faili amepita zahanati, kituo cha afya, duka la dawa na kwa mtu wa mitishamba. Kote huko limeandikwa neno lile lile kwa sababu ndilo alilotamka mwenyewe alipoingia mlangoni. Wengi wao ni kweli wana bawasiri. Baadhi hawana. Kinachotoka ni rektamu, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, imejipindua na kupita njia ya haja kubwa hadi nje. Wapo watakaoiita mjiko, wengine mgoro, wengine watasema tu "kuna kinyama."

Jambo la kwanza la kushika: mgonjwa akiwa amelala huwezi kuiona. Akilala ubavu kitandani magoti yamekunjwa, rektamu imesharudi ndani. Utaona ngozi iliyolegea na labda njia iliyo wazi kuliko kawaida, utaandika "hakuna kitu", na yeye atarudi nyumbani akiamini kuwa hospitali imeshindwa. Mpeleke chooni. Choo cha kuchuchumaa kinafaa kuliko kitanda chochote cha uchunguzi. Vaa glovu, chukua tochi, ingia na muuguzi wa jinsia yake kama inawezekana, mwache achuchumae na asukume kama anayetaka haja. Mpe muda, maana aibu peke yake inatosha kumfanya abane. Ikishindikana, mwombe apige picha nyumbani kwa simu yake baada ya kutoka chooni. Picha hiyo ibaki kwenye simu yake. Usiihamishie kwako, na usiirushe kwenye grupu la WhatsApp la idara, hata kama nia yako ni kuuliza wakubwa.

Ikishatoka, tazama mikunjo kabla ya kugusa. Rektamu iliyotoka kwa unene wake wote, yaani tabaka zote za ukuta, ina mikunjo inayozunguka, duara ndani ya duara, na tundu katikati. Ukiishika kati ya kidole na dole gumba unahisi ukuta mnene wa tabaka mbili, kwa kuwa utumbo umejikunja juu yake wenyewe. Urefu wake unaweza kupita sentimita 5. Utando wa ndani ukitoka peke yake huwa mfupi, mara nyingi sentimita 2 hadi 3, mwembamba, na mikunjo yake inatoka katikati kwenda pembeni kama spoki za baiskeli. Bawasiri zilizoshuka nazo hugawanyika hivyo hivyo: vinundu vyenye mifereji kati yao, na mgonjwa akilala chali, mahali pake pa kawaida ni kwenye namba 3, 7 na 11 za uso wa saa. Ukijifunza kutofautisha mikunjo tu, umeshamaliza nusu ya kazi, na hakuna mashine uliyotumia.

Kuna aina ya tatu ambayo hata chooni hutaiona, nayo ni rektamu inayojiingiza ndani yake bila kutoka nje. Mwaka 1912 daktari wa upasuaji Moschcowitz alieleza kwamba rektamu kutoka nje ni aina ya ngiri inayoteleza kupitia sakafu ya nyonga. Maelezo hayo yalitawala kwa miongo mingi, mpaka Broden na Snellman mwaka 1968 walipotumia eksirei zinazorekodi mwendo na kuonyesha kuwa mambo huanzia juu zaidi, sentimita kadhaa ndani, pale utumbo unapoanza kujiingiza wenyewe. Kwa hiyo mgonjwa wa aina hii ya ndani anaweza kuwa mwanzoni mwa safari, ingawa si wote wanaofika mwisho wake. Malalamiko yake ni kukaa chooni muda mrefu, kuhisi choo hakijaisha, kusukuma bila matokeo, kutoa ute na damu kidogo, hata kulazimika kujisaidia kwa kidole. Ukipima kwa proktoskopu, kile kibomba kifupi cha kutazamia ndani ya rektamu, unaweza kukuta wekundu au kidonda kwenye ukuta wa mbele wa rektamu. Usikimbilie kukiita saratani, na usikiache bila kuchukua kipande kidogo cha kupeleka maabara. Kipimo kinachothibitisha ni defekografia: mgonjwa anajazwa uji mzito wa bariamu, anakaa kwenye kiti maalumu na kujisaidia huku eksirei inarekodi. Si kila hospitali ya rufaa inacho, na wala si kila mgonjwa anakihitaji. Ambaye rektamu yake imetoka nje wazi wazi mbele ya macho yako hana haja ya kusafirishwa kwa ajili ya picha hiyo.

Historia nayo ina mpangilio wake. Bibi wa miaka 70 ukimuuliza "tatizo lako nini?" atasema bawasiri, na mazungumzo yataishia hapo. Anza hivi:

"Shikamoo bibi. Ukienda haja kubwa, kuna kitu kinatoka?"

"Marahaba mjukuu wangu. Kinatoka."

"Kinarudi chenyewe, au mpaka ukisaidie kwa mkono?"

"Zamani kilikuwa kinarudi. Siku hizi nakirudisha mwenyewe."

"Na ukikohoa, au ukibeba ndoo?"

"Hata nikiinuka tu."

Kwa maswali matatu umejua ugonjwa umefika wapi. Swali la nne ndilo wengi huliruka: choo kumponyoka. Nusu ya wagonjwa au zaidi wana shida hiyo, kwa sababu misuli inayobana imetanuliwa kwa muda mrefu na mishipa ya fahamu inayoiendesha imevutwa. Usimuulize "unajinyea?" Atakataa, na ningekuwa mimi ningekataa pia. Muulize kama inamlazimu kuvaa kitambaa akitoka nyumbani, au kama ameacha kwenda msibani na kanisani au msikitini. Hapo ndipo utaona mkono unaingia kwenye khanga na kutoa kipande cha kitenge kilichokunjwa vizuri. Ukipima kwa kidole, mwambie abane, kisha uandike nguvu uliyoihisi. Daktari bingwa ataitumia kuchagua upasuaji.

Kwa wanawake, angalia na mbele. Sakafu ya nyonga ni moja, na mfuko wa uzazi unaweza kuwa umeshuka pamoja na rektamu. Hata hivyo, usidhani kila kitu kimetokana na kuzaa. Vitabu vya Ulaya na Marekani vinataja wanawake 6 kwa kila mwanaume 1, wengi wao wamepita miaka 50, na bado karibu theluthi moja ya wanawake hao hawajawahi kuzaa. Kusukuma choo kigumu kwa miaka mingi, kikohozi kisichoisha, mishipa ya fahamu ya mgongoni iliyoharibika, na mishikizo ya rektamu iliyolegea, vyote vina sehemu yake. Kwa mtu mzima ambaye tatizo limeanza ghafla, amepungua mwili, ana upungufu wa damu au damu imechanganyika na choo, uvimbe wa utumbo unaweza kuwa ndio unaovuta rektamu kwenda nje. Huyo asipangiwe upasuaji kabla ya kolonoskopi, kipimo cha kamera cha utumbo mpana wote, au angalau sigmoidoskopi, inayotazama sehemu yake ya mwisho.

Wanaume vijana nao huja, na wanakuja na mzigo mwingine. Maneno ya watu juu yao mnayajua. Rektamu kutoka nje haikwambii lolote kuhusu maisha ya faragha ya mtu, kwa hiyo usimuulize kwa mafumbo na usiruhusu mtu mwingine chumbani amuulize. Uliza kuhusu choo kigumu, kuharisha kwa muda mrefu, kuumia mgongo. Kijana akihukumiwa siku ya kwanza hatarudi, na utakuja kukutana naye usiku, utumbo umekwama nje.

Sasa watoto, na hapa nitawakalisha kidogo. Sura ya kawaida ni mtoto wa mwaka 1 hadi 3, mama amemfunga mgongoni na uso umemjaa hofu, maana ameona "matumbo" ya mwanawe. Maumbile ya umri huo yenyewe yanachangia: sakramu, mfupa ulio nyuma ya rektamu, bado imenyooka, rektamu imesimama wima, na utando wa ndani haujashikana imara na misuli. Juu ya hapo weka kuharisha kwa wiki kadhaa, au choo kigumu, au kifaduro, au minyoo ya mjeledi inayojichomeka kwenye utando, au utapiamlo uliomaliza mafuta yanayoshikilia sehemu hiyo. Kwa hiyo usianze na makalio. Anza na utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na ugonjwa wake ni huo. Rektamu ni dalili tu. Bonyeza miguu yote miwili kutafuta uvimbe. Geuza mgongo uangalie sehemu ya chini, kama kuna uvimbe, kishimo au kishungi cha nywele, maana mgongo wazi uliofichika unaweza kuanza kujionyesha hivi. Aliyetimiza mwaka apewe mebendazole, miligramu 500 mara moja, au 100 asubuhi na jioni kwa siku 3 ukishuku minyoo ya mjeledi. Mama aelezwe asimwache kwenye poti muda mrefu. Wengi wao hawafiki chumba cha upasuaji kabisa.

Ila kuna mambo mawili yanayojifanya rektamu kwa mtoto. La kwanza ni polipu, kinyama kinachoota kwenye utando wa utumbo: kitufe kimoja chekundu, laini, kinachotoka kwa kikonyo, hakina tundu katikati. Hilo lina muda wa kusubiri. La pili halina. Utumbo wa juu ukijiingiza ndani ya ule wa chini unaweza kusafiri mpaka ukachungulia njia ya haja kubwa, na kwa macho unafanana kabisa na rektamu. Pitisha kidole chenye mafuta kati ya kile kilichotoka na ukuta wa njia. Kwa rektamu, kidole kinagota mara moja au baada ya sentimita chache, kwa sababu kilichotoka kimeungana na ukuta wenyewe. Kwa utumbo uliojiingiza, kidole kinazidi kwenda na hakigoti. Ukiongeza mtoto anayelia kwa vipindi akikunja miguu, anatapika, tumbo limejaa, na choo ni ute wenye damu, acha kusukuma. Weka dripu, mpira wa puani, piga simu ya rufaa. Ukisukuma ndani utumbo wa namna hiyo umeficha ugonjwa, na mtoto anaendelea kufa taratibu wodini.

Kuhusu kurudisha rektamu iliyokwama, kwanza rangi. Ya pinki au nyekundu inayotoa damu ikiguswa, iko hai. Nyeusi au ya kijivu, inanuka, mgonjwa ana homa na maumivu makali: hiyo ni ya chumba cha upasuaji, usiiguse zaidi ya kuifunika na gozi yenye maji ya chumvi. Iliyo hai lakini imevimba inahitaji subira kuliko nguvu. Sukari ya kawaida ya mezani, ile ya chembechembe, inyunyizie juu na usubiri kama dakika 15 hadi 20. Inavuta maji kutoka kwenye tishu na uvimbe unapungua. Wageni hucheka wakituma mtu jikoni kuomba sukari, halafu huacha kucheka. Mpe mgonjwa dawa ya maumivu mapema, mlaze kifudifudi au magoti kifuani, mtoto alale mapajani kwa mama, kisha bana kwa kiganja chenye mafuta, polepole, bila kuachia, ukianza na sehemu ya katikati yenye tundu. Ikiingia, pima kwa kidole uhakikishe imeingia yote, na kwa mtoto bana makalio kwa gozi na plasta.

Upasuaji mtaufundishwa na wenyewe, nami nausema kwa kifupi. Anayestahimili ganzi kubwa mara nyingi hufanyiwa kupitia tumboni, rektamu ivutwe juu na kushikizwa kwenye sakramu, na kwa njia hiyo tatizo hurudi mara chache zaidi. Mzee dhaifu hufanyiwa kwa chini, yaani kupitia njia ya haja kubwa yenyewe, kwa mbinu ya Delorme iliyoanza mwaka 1900 au ya Altemeier. Uzi wa Thiersch wa kuzungushia njia, wa tangu 1891, bado una nafasi kwa watoto wachache ambao tatizo linajirudia. Wanachohitaji kusikia kwenu wagonjwa wa bawasiri za uongo ni kwamba dawa za kupaka zinazochoma, zile za "kukausha", wasizitie kwenye rektamu. Zinaacha vidonda na makovu yanayobana njia.

Barua ya rufaa iwe na haya: kilichotoka kina urefu gani, mikunjo inazunguka au inatawanyika, kidole kiligota au hakikugota, kinarudi chenyewe au kwa mkono, choo kinamponyoka au la, nguvu ya kubana, na hali ya mbele kwa mwanamke. Neno "bawasiri" liandike tu kama umeiona. Kwa mtoto ongeza uzito na kipimo cha mkono, kisha ibane barua kwa pini kwenye kadi yake ya kliniki, maana mama akifika huko baada ya safari ya basi, hiyo kadi ndiyo atakayoitoa kwanza.