Binamu wa mchumba wangu anataka kupiga muziki bure harusini, nami simtaki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Tabata, Dar es Salaam. Ndoa yetu ni Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Ukumbi tumeshalipia, MC yupo, mpambaji na mpishi wapo. Amebaki DJ, na huyo ndiye anayeninyima usingizi.

Mchumba wangu kwao ni Rombo. Ana binamu yake anayepiga muziki kwenye baa moja Sinza, na mama mkwe wangu mtarajiwa ameshatangaza kikaoni kwamba huyo ndiye atakayepiga, tena bure. Kamati ikapiga makofi, maana michango bado inasuasua. Nilimsikia huyo kijana kwenye sherehe ya kipaimara ya ndugu yao. Alikuwa anapiga kelele kwenye maiki juu ya kila wimbo, mpaka wazee wakahamishia viti nje. Mimi namtaka DJ mmoja niliyemwona Instagram, ana wafuasi wengi sana, ila anadai milioni moja na laki mbili. Wanakamati wananiona napenda makuu.

Kinachoniumiza zaidi ni baba. Ni mtu wa Morogoro, siku hizi anaumwa, na hana uwezo wa kuchangia kikubwa. Ameomba kitu kimoja tu: acheze na mimi wimbo wa Mbaraka Mwinshehe. Niliposema hivyo kikaoni watu walicheka, na yule binamu akasema nyimbo hizo zinaua sherehe. Mchumba wangu alikuwepo, akanyamaza. Nifanyeje nisianze ndoa kwa ugomvi na ukweni?

Mwenye Hofu, Tabata

Marahaba mwanangu, na hongera kwa hatua uliyofikia.

Kabla sijagusa habari za muziki, hukukosea hata kidogo kulipeleka ombi la baba yako kikaoni. Mzee aliyekulea mpaka ukafika siku ya kuozwa, akiomba dakika chache za kucheza na binti yake, hilo linaingia kwenye ratiba kabla ya keki. Waliocheka hawakufikiri, na wengi wao wangenyamaza palepale kama mchumba wako angesema neno.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yake. Mama ni mama yake, binamu ni binamu yake. Wewe ukienda kukataa zawadi ya mama mkwe kwa kinywa chako, utaitwa mkorofi kabla hujavaa pete. Kaeni wawili tu, simu mkiziweka pembeni, umweleze ulivyojisikia siku ile. Usianze na binamu, maana hapo atajiona analazimika kumtetea ndugu yake. Anza na baba. Mwambie kwamba baba yako ameomba jambo moja katika harusi nzima, kwamba kicheko kile kilikuchoma, na kwamba kimya chake kilikuchoma zaidi. Akikuelewa, aende mwenyewe kwa mama yake na kusema, "Mama, tumekaa na mwenzangu, tumeamua hivi." Aseme tumeamua, asikutaje wewe peke yako. Akilikwepa hata hili, niandikie tena haraka, kwa kuwa litakuwa limeshavuka mambo ya muziki.

Binamu asipige kwenye harusi. Nalisema wazi ingawa najua hali ya michango. DJ mliyemlipa mnaweza kumwambia punguza sauti, ondoa wimbo huo, nyamaza mzee anaongea. Ndugu aliyejitolea ukimwambia hivyo ni kama umemtukana, na habari itakuwa imefika meza ya mashangazi kabla hujarudi kukaa. Mtakuwa mmeokoa fedha mkanunua kinyongo.

Halafu kazi anayoijua ni nyingine. Baa watu hufuata muziki, wengi wao rika moja, na DJ anawapandisha taratibu mpaka usiku mkubwa. Harusi zetu huenda kwa vituo. Maharusi wanaingia na wasimamizi wao, kamati inaingia, wazazi wanatambulishwa, shampeni inafunguliwa, keki inakatwa na kupelekwa kwa wazazi, ndafu inaingia (na kwa watu wa Rombo ndafu haiingii kimyakimya), chakula, kufungua muziki, zawadi. Kila kituo kina wimbo wake, mara nyingi wa dakika mbili au tatu, kisha MC anashika maiki, kisha wimbo tena. DJ ambaye jicho lake haliko kwa MC atamkata mzee katikati ya baraka, au atawaacha akina mama wamesimama na vitenge vya zawadi mikononi bila muziki wa kuwasogeza. Anatakiwa pia kujua kushusha sauti pale vigelegele vinapopanda, ili ukumbi ujisikie wenyewe. Umesema huyu kijana hupiga kelele juu ya kila wimbo. Hapo umeshapata jibu lako.

Lakini asiachwe nje, maana ni ndugu na amejitolea kwa moyo. Mpeni kuvunja kamati, ile sherehe ya wanakamati baada ya harusi. Siku ile watu ni wachache, wanajuana, hakuna ratiba, kila mtu anataka kucheza mpaka achoke, na hapo ndipo kijana wa baa anapong'ara. Mchumba wako akamwambie mwenyewe, tena mapema, na mumlipe chochote, hata kama ni nauli ya kubebea vyombo. Mama mkwe naye atakuwa na la kusema kwa ndugu zake: kijana wake ana kazi yake.

Sasa huyo wa Instagram. Simkatai, ila wafuasi wake hawanisaidii kukushauri. Video za pale ni za sekunde chache, zimechaguliwa pale ukumbi ulipolipuka. Hazionyeshi alikuwa anafanya nini padre alipokuwa anaombea chakula, wala maiki ilipopiga mluzi mbele ya wakwe. Mimi ningeanza kwa MC wenu, kwa kuwa mmeshampata. Ma-MC wengi wana DJ wanayefanya naye kazi mara kwa mara, wanasomana kwa kupepesa jicho tu. Muulizeni anapenda kufanya na nani, akupeni majina mawili au matatu, kisha muwaone ana kwa ana pamoja na huyo wako.

Mkikutana naye, msikilize anauliza nini kabla hajataja bei. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote. Anayekimbilia kukwambia ana spika ngapi na amepiga kwa mastaa gani, mshukuru, uondoke. Unayemtaka atauliza wageni ni wangapi na ni watu wa wapi, wazee watakuwa wengi au vijana, MC ni nani, ukumbi unazima saa ngapi. Atataka kujua mpiga video ni nani, kwa sababu sauti nzuri ya video inachukuliwa kwa waya kutoka kwenye mikisa yake, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Bila hivyo utabaki na video ambayo hotuba ya baba yako haisikiki. Atauliza habari za jenereta. Umeme ukikatika, kompyuta yake itaendelea kwa betri, lakini mikisa na spika vitazima mpaka jenereta liwake. DJ makini huja na umeme wa akiba wa kulinda vyombo vyake, au angalau ameshapanga na fundi wa ukumbi. Na wewe umuulize kama nyimbo zake zipo kwenye kompyuta au anazivuta mtandaoni palepale. Wageni 300 wakiwa wote wanarusha picha, mtandao ukumbini unaweza kulala, na wimbo wa kuingilia ukakwama mlangoni na wewe umeshika mkono wa mumeo.

Muulize spika zitakaa wapi. Mara nyingi zinawekwa mbele, upande huu na huu wa meza kuu, na meza za wazazi na wazee ziko hapohapo kwa heshima. Matokeo yake wazee ndio wanaopigwa na besi kuliko wote, huku vijana wa nyuma wakilalamika hawasikii. Ndiyo maana wale wa kipaimara walihamishia viti nje. Spika zikigawanywa, nyingine zikasogezwa katikati ya ukumbi kwa sauti ya wastani, kila mtu anasikia na hakuna anayeumia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mwongozo kwa kumbi za burudani kwamba wastani wa sauti usivuke desibeli 100, na hicho ni kiwango cha juu kabisa. Kwenye harusi yenye watoto wachanga na mzee anayeumwa, mimi ningetaka chini ya hapo kwa mbali.

Halafu mjaribu kwa wimbo wa baba yako.

Mtajie Mbaraka Mwinshehe, kisha umtazame usoni. Unaambiwa nyimbo hizo zinaua sherehe, nami nakwambia kinyume chake nimekiona tangu nianze kualikwa harusini. Mbaraka alipiga gitaa na Morogoro Jazz, mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, na hadi leo gitaa lake likilia ukumbini utaona watu wazima wanaweka uma chini. Sherehe inauawa na DJ asiyejua wimbo wenyewe. Nyimbo nyingi za enzi zile ni ndefu. Kwenye santuri ndogo ziligawanywa pande mbili, upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa yanachanganya na watu wanacheza chemko, ile sehemu ya kasi. DJ asiyejua hilo anapakua nusu ya kwanza yenye mikwaruzo, anaicheza dakika moja na nusu, anaona watu wamekaa, anarukia Amapiano, kisha analaumu wazee. Mwombe akuchezee wimbo huo mzima palepale, kwa vyombo vyake, usikie ni nakala gani aliyo nayo. Ukipata anayekuuliza, "Baba anapenda upi hasa, na anaweza kusimama dakika ngapi?" huyo mshike.

Swali la pili lina uzito, maana umesema baba anaumwa. Wimbo uwekwe mapema, mara tu baada ya kufungua muziki, kabla hajachoka na kabla watu hawajaanza kuaga. Mwanzo mcheze wawili. Magitaa yakipanda, MC awaite wazee wote waingie, wa Morogoro na wa Rombo, na mama mkwe wako akiwa wa kwanza kuitwa kwa jina. Hapo baba akichoka anaweza kurudi kukaa bila mtu kugundua, na muziki unaendelea. Kutoka hapo DJ anayejua kazi yake haruki. Atapita kwenye rumba ya Kongo, ataingia kwaito ambayo kila rika linajua hatua zake, na ndipo vijana wapewe Amapiano yao na Singeli mpaka ukumbi uzime taa.

Kuhusu fedha: milioni moja na laki mbili si lazima. Ulizeni kwanza ukumbi wenu una vyombo vyake. Kama vipo na ni vizima, mwombeni DJ bei ya kazi yake peke yake, bila spika na usafiri, na tofauti itaonekana. Msikubaliane kwa simu. Andikeni karatasi moja yenye tarehe, saa ya kufika (mchana, aweke vyombo na kujaribu maiki kabla mpambaji hajamaliza), saa ya kumaliza, bei, kiasi cha awali na lini atamaliziwa. Andikeni kwamba ni yeye mwenyewe atakayepiga. Jumamosi za baada ya Kwaresma harusi ni nyingi, na wapo wenye majina wanaochukua kazi mbili usiku mmoja, yako ukaletewa kijana wake unayemwona kwa mara ya kwanza. Orodha ya nyimbo mpeni wiki mbili kabla, fupi tu: za vituo vikuu, wimbo wa baba, wa ndafu ambao wajomba wa Rombo watauchagua wenyewe, na tatu au nne ambazo hamtaki kuzisikia. Zilizobaki mwachieni. Umemchagua kwa sababu anajua kuusoma ukumbi, basi asome.

Kwenye kikao kijacho, mchumba wako aombe nafasi mwanzoni, kabla ya taarifa ya mweka hazina, watu wakiwa bado hawajaanza kuumizwa kichwa na ahadi ambazo hazijalipwa. Aje na jina la DJ mmoja, bei iliyokwisha kujadiliwa, na habari kwamba binamu ameshakubali kupiga kuvunja kamati. Wewe kaa karibu na mama mkwe. Wakikuuliza, sema unashukuru kwa moyo aliouonyesha, na umwombe akusaidie kuchagua wimbo wa kuingilia wazazi.