Matembezi yanayoishia kwa vilio

Pole, dada. Unasema kila mkitoka na watoto, wa miaka 2 na 4, mnarudi wote mmenuna, na sasa unafikiria kuacha kabisa. Usiache, fupisha tu. Masaa mawili yanawatosha. Mimi nilikuwa napanga siku nzima, na vilio vilianza palepale usingizi wa mchana ulipowafikia. Siku hizi tunatoka asubuhi wakiwa wameshiba, tunageuza wakiwa bado wanacheka. Huyo mdogo hawezi kukueleza kwamba amechoka, ndiyo maana anajitupa chini. Beba nguo za kubadilisha, hata zako (nilijifunza kwa kutapikiwa garini). Na baba yao abebe mkoba, si simu.