Maswali ya Wasomaji: Mzimu usiutaje kwenye tangazo

SWALI: Shikamooni wahariri. Riwaya yangu fupi ya kutisha imetoka kiwandani, kurasa 96. Niliwatumia watu SMS hii, na kundi lingine WhatsApp: "Habari njema! Mvuvi wa Kibirizi azamishwa ziwani na mzimu wa mkewe aliyemuua mwenyewe. Usikose kusoma kazi yangu mpya!😱😱" Hongera nimepata tele, wanunuzi tisa tu. Wengine wanauliza msiba uko wapi. Nimekosea nini?
Mwandishi, Ujiji

JIBU: Marahaba, na hongera ya kumi na kitu tuiongeze sisi. Kosa kubwa ni kwamba umesimulia sura ya mwisho. Msomaji keshajua mzimu ni wa nani na kisa chake. Anunue nini tena? Bei nayo hukuitaja.

Tangazo la hadithi ya kutisha huishia kwenye kitu kimoja kinachoshikika ambacho hakikai sawa. Nyie wa Kigoma mnacho tayari. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa mwanga wa mwezi huzidi nguvu taa zao na dagaa hawakusanyiki. Basi andika hivi:

"RIWAYA YA KUTISHA: Usiku wa mbalamwezi hakuna anayevua dagaa. Nani kawasha karabai katikati ya ziwa? Kurasa 96, Sh 7,000. Agiza kwa namba hii."

(Bei tumebuni, weka yako.) Hapo hakuna maiti wala mzimu, lakini mtu wa Katonga au Kibirizi atageuka kutazama ziwani. Ni herufi 142, nafasi zikihesabiwa. SMS moja hubeba 160, kwa hiyo zimebaki 18 za jina la kitabu. Likiwa refu, punguza kwingine. Vikaragosi viache: kimoja tu kikiingia, uwezo wa SMS hushuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe wako wa kwanza ungetosha SMS moja, ila kwa sababu ya zile nyuso mbili ulikatwa za SMS mbili kwa kila mtu.

Neno RIWAYA likae mwanzoni kabisa, na liandikwe pia juu ya picha ya jalada, maana watu husambaza picha bila maneno au maneno bila picha. "Mvuvi wa Kibirizi azamishwa" inasomeka kama taarifa ya habari, ndiyo maana umeulizwa msiba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inagusa usambazaji wa taarifa za uongo. Hukukusudia kudanganya, sawa, lakini kujieleza kituoni si namna ya kuuza kitabu.

Upande wa WhatsApp, kama ulitumia orodha ya matangazo (broadcast), ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ambao hawajaihifadhi hawakuona chochote, kwa hiyo usiwanunie. Orodha moja huchukua watu 256. Jalada ukimtumia mtu wa kuchapa mabango, litume kama dokumenti. Likienda kama picha hubanwa na maandishi hutoka na ukungu.

SWALI: Hadithi zangu zinatoka kwa karatasi na kwa simu. ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) moja inatosha?
Msomaji, Tabora

JIBU: Haitoshi. Kila umbo la kitabu na namba yake, na zote huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukirudia kuchapa bila kubadili kitu, namba ni ileile. Kwenye tangazo weka namba ya toleo unalouza.

Prufu (nakala ya kukagua kabla ya kuchapa) ikija, itazame ISBN yake: tarakimu 13, mwanzo 978, kisha kwa Tanzania mara nyingi 9976 au 9987. Zidisha tarakimu kwa 1, 3, 1, 3 hadi ya mwisho, ujumlishe. Jumla isipogawanyika kwa 10, kuna tarakimu imekosewa. Mrudishie mchapaji kabla hajawasha mashine.